Siku Niliyofukuzwa Shambani Kwangu

Nakumbuka siku moja ya palizi, mwanangu, nilipogeuza safari pale Mikumi na kurudi nyumbani mbio kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Nilikuwa kijana bado. Usinicheke, miaka arobaini ni ujana! Utajua ukifika huku niliko.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu hapa Chanzuru, na nilikuwa nasoma udaktari wa elimu, ule wa kusoma huku ukiwa kazini. Wiki nzima niko shuleni, kisha Ijumaa nakwenda Mikumi, napanda basi la Iringa, Jumamosi nzima niko chuoni. Utafiti wangu ulihusu shule yangu mwenyewe: kwa nini watoto wa wafugaji wanatoweka darasani kiangazi kikianza, na tufanye nini wasipotee moja kwa moja.

Sasa huku kwetu wanawake tunapalilia kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika maharage na togwa, kile kinywaji chetu cha nafaka, na masimulizi hayaishi. Msimu ule sikwenda kwa mtu hata mara moja. Nilikuwa na mitihani ya darasa la saba kichwani, na wahadhiri huko Iringa. Basi niliona haya kuwaita kwangu. Ningewaita kwa uso gani? Mahindi yangu yakazama kwenye magugu, na mimi nikawa napita pembeni kama si langu.

Ijumaa hiyo niliomba ruhusa kazini, kwa sababu kesho yake nilitakiwa kueleza utafiti wangu mbele ya wahadhiri. Nisipotokea, ndiyo basi, naanza upya mwaka mwingine, na mwaka mwingine nisingekuwa na moyo huo. Kwenye gari la kwenda Mikumi mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Umeliona shamba la mwalimu mkuu? Siku hizi nyani wanaweza kulifanya hifadhi." Wakacheka mpaka wakakohoa. Hawakujua kwamba nimekaa mbele yao na kilemba changu.

Lo, iliniingia! Nilishuka Mikumi, basi la Iringa likaja, kondakta akaniita, "Mama, twende, siti ipo!" Nikarudi nyuma hatua moja. Nikajiambia, udaktari gani huu na watoto wangu watakula nini? Likaondoka. Nikavuka barabara katikati ya malori na kupanda gari la kurudi huku kwetu Kilosa. Nilikuwa nimeamua kuacha, mwanangu. Kabisa.

Nikafika nyumbani, nikatupa begi, nikachukua jembe. Kabla sijafika shambani nikasikia nyimbo. Nyimbo shambani kwangu! Kumbe ni akina mama wa kanisani, wale wenzangu wa zamu, wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka, nusu ya shamba imeshakuwa safi. Mbele yao alikuwa mama mkwe wangu, Bibi Perusi, ameikaza khanga kiunoni. Ndiye aliyewaita bila kuniambia.

"Shikamoo mama," nikasema, jembe mkononi.

"Marahaba. Wewe si uko Iringa?"

"Nimerudi nipalilie, mama. Nimeacha ile shule. Mimi sikupalilia kwa mtu mwaka huu."

Wimbo ukakatika. Bibi Perusi alikuwa mpole, lakini akikasirika hata mbuzi walikuwa wanajua. Akaninyang'anya jembe.

"Tumeamka alfajiri ili wewe ukasome, halafu wewe unakuja kulima? Nani amekuambia tunakudai? Tulikuhesabu kwenye zamu toka mwanzo. Zamu yako iko huko, kwenye makaratasi yako. Nenda!"

"Mama, gari..."

"Gari lipo. Nenda nimesema!"

Nikaanza kulia, na kicheko kikaja hapo hapo. Wale akina mama wakanisindikiza mpaka barabarani, wanapiga vigelegele na majembe begani, na mmoja wao, ninamkumbuka vizuri, ndiye yule aliyesema habari za nyani. Alikuwa amekwenda Mikumi mara moja, akarudi na gari lile lile nililopanda ili awahi zamu ya shambani kwangu, na mimi kwa aibu yangu hata sikumwona. Akanipa togwa kwenye chupa. "Usimwage," akaniambia, "hiyo ni ya daktari."

Kesho yake nilisimama mbele ya wahadhiri na tope kwenye viatu. Wakaniuliza kulikoni. Nikasema nimefukuzwa shambani kwangu. Wakacheka, na mimi nikapata sauti. Nikaeleza kama ninavyoeleza wazazi kwenye kikao, nikapita.

Siku ya joho, kila mmoja wa wale akina mama alilijaribu. Bibi Perusi alilivaa mpaka kisimani, akarudi nalo limelowa. Furaha ile, mwanangu, mpaka leo ikinijia nacheka peke yangu. Na watoto wa wafugaji? Kiangazi kilichofuata akina mama wale wale walikubali kukaa nao majumbani mwao, wazazi walipohamisha ng'ombe. Darasa lilijaa.

Nasema haya kwa sababu juzi ulikuja hapa, umepata nafasi kama ile, na ukaniambia utaikataa kwa kuwa huwezi kubeba kazi, watoto na masomo. Kweli huwezi. Hata mimi sikuweza. Usiache kazi, na usiache shule. Acha kuona haya. Waambie wenzako unasoma, waambie umechoka, na wakija na majembe yao usiwafukuze. Siku yako ya kupalilia kwa mwingine itafika, nawe utaijua.

Mungu akufungulie njia, akupe afya na walimu wenye subira, na akurudishe salama kila Jumapili. Ubarikiwe wewe na nyumba yako.

Na Ijumaa, ukienda kupanda gari, uwalete watoto hapa. Zamu yangu imefika.