Namba ya Eliwaza

Eliwaza alizaliwa Vudee, mtoto wa tatu wa mkulima wa maharage na migomba, na tangu utotoni alijulikana kwamba si mtu wa kuchekacheka. Alipofikisha miaka ishirini na minne alikwenda Mererani, akapata kazi ya kupika kwenye kantini ya wachimbaji, akakaa huko miaka saba. Humo kantini mlikuwa na meza ya pool. Wachimbaji wakishashuka mgodini, pale ndani palibaki patupu tangu saa nne mpaka saa tisa, na Eliwaza akishainjika chungu cha makande, alichukua fimbo akacheza peke yake. Hakufundishwa na mtu. Alikosea mpaka akaacha kukosea. Ikafika mahali wachimbaji wenyewe wakawa wanamwita acheze nao, kisha baadhi yao wakaacha kumwita, kwa sababu hawakupenda kufungwa na mpishi.

Sasa ana miaka arobaini na moja na anapika karibu na stendi ya Same. Makande yake yana wateja wengi. Ulimi wake nao una sifa zake: ukimwambia chumvi imezidi, anakuondolea sahani na kumpa mwingine.

Mchana mmoja alipeleka chakula kwenye baa iliyo nyuma ya stendi, akawa anasubiri sahani zake. Meza ya pool ilikuwa wazi. Akachukua fimbo, kanga imefungwa kiunoni, akatumbukiza mipira minne mfululizo. Zebedayo, dereva wa Hiace na kapteni wa timu ya Stendi katika ligi ya pool ya wilaya mbili, Same na Mwanga, akaweka kijiko chini.

"Dada Eliwaza, hayo umejifunzia wapi?"

"Kula. Kinapoa."

Siku ya pili Zebedayo alikuja kwenye banda lake na maneno matamu. Ligi yao, alimweleza, ni ya watu wa kawaida, hivyo kila mchezaji ana namba kulingana na uwezo wake. Mwenye namba sita lazima ashinde gemu sita ili apate ushindi; mwenye namba tatu zinamtosha tatu tu. Kwa hiyo hata asiyejua sana anaweza kumsumbua bingwa. Na timu ikipanga wachezaji wake watano, jumla ya namba zao isizidi ishirini na tatu.

"Sisi wanne tunafikisha ishirini," alisema. "Tumebakiwa na nafasi ya mtu wa namba tatu. Na mgeni yeyote huanza na tatu."

Eliwaza alielewa vizuri alichokuwa anaambiwa. Lakini miaka kumi ilikuwa imepita bila kucheza na mtu wa kumtoa jasho, na usiku ule alijikuta kitandani anapanga mipira kichwani.

Katibu wa ligi alikuwa Mwalimu Anderson, mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa daftari na kalamu mbili mfukoni. Eliwaza alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akifungua ukurasa mpya.

"Umecheza kwa muda gani, mama?"

"Huyu ni mpishi, Mwalimu," Zebedayo alidakia. "Alikuwa anawapelekea watu chakula, akashikashika fimbo kidogo."

Mwalimu alimtazama Eliwaza, akangoja. Eliwaza alitazama pembeni. Alitaka kucheza, basi. Mwalimu akaandika tatu.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu wa Mwanga. Mkali wao aliitwa Rodgers, fundi pikipiki mwenye namba sita, kijana mrefu aliyekuja na fimbo yake mwenyewe ndani ya mfuko wenye zipu. Alipoona amepangiwa mwanamke wa kanga, aliwageukia wenzake akacheka. Eliwaza aliona kile kicheko. Gemu ya kwanza Rodgers alivunja, akatumbukiza mitatu, akakosa. Hakupata nafasi ya pili. Gemu ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Ya tatu Eliwaza aliipeleka polepole kwa makusudi, akimwachia mpira mweupe nyuma ya mipira mingine, mahali ambapo hakuna la kufanya, mpaka jasho likaanza kumtoka yule kijana puani. Mpira mweusi, ule wa kumalizia gemu, ulipoingia, Rodgers aligonga kitako cha fimbo sakafuni.

"Huyu namba tatu? Huyu?"

"Namba yangu hiyo hapo kwenye daftari," alisema Eliwaza.

"Mwizi wewe! Unaficha kiwango halafu unakuja kutuibia!"

Watu wa Mwanga walisimama wote. Mmoja akamwaga soda yake juu ya kitambaa cha meza, akasema imemponyoka. Mwalimu Anderson aliwatuliza, akasema mgeni huanza na tatu, sheria ndiyo hiyo, namba itapanda kadiri matokeo yatakavyoonyesha. Waliondoka wakitukana kwa sauti, na Rodgers akapita karibu na Eliwaza bila kumpisha, bega kwa bega.

Hilo halikumuuma kama alivyotegemea. Kilichomuuma ni kwamba yule kijana alikuwa amesema kweli.

Jumatano Zebedayo alikuja kula, akakaa kwenye benchi lililo karibu na jiko.

"Jumamosi tunapanda Usangi," alisema. "Huko ufungwe."

Eliwaza alisimamisha mwiko. "Nini?"

"Ufungwe, dada. Ukishinda tena, Mwalimu anakupandisha, na ukipanda hatukupangi, jumla itazidi. Fungwa Usangi, fungwa na inayofuata. Fainali ndiyo tutakuhitaji. Ukikosa mpira mmoja wa wazi, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe ulijua tangu siku ile ya daftari," Zebedayo alisema, na sasa hakuwa na utamu wowote. "Mbona ulinyamaza?"

Eliwaza aliweka mwiko chini. Alimwondolea sahani ikiwa nusu.

Safari ya Usangi walikwenda ndani ya Hiace ya Zebedayo mwenyewe, wakapita Mwanga, wakaanza kupanda kona zile. Hakuna aliyemsemesha njia nzima. Habari za Rodgers zilikuwa zimetangulia. Walipofika, wenyeji waliwapa mikono wachezaji wanne wa Stendi, wakamruka wa tano. Fimbo aliyopewa ilikuwa imepinda kama upinde. Alipoomba nyingine akaambiwa ndiyo hiyo iliyopo, na ukutani zilikuwepo sita. Muziki ulifunguliwa mpaka mwisho kila alipoinama kulenga. Kijana mmoja aliegemea meza kwa nyonga, mpira mweupe ukasogea.

"Ondoa kiuno chako mezani," Eliwaza alimwambia.

"Mwizi ana amri siku hizi?"

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho alisikia sauti ya Zebedayo.

Alikuwa amepanda mlima ule hajui atafanya nini. Kicheko hicho ndicho kilichomwamulia. Alicheza na fimbo ile ile iliyopinda, akiizungusha mpaka akaujua upande wake wa kupinda, akamfunga mwenyeji gemu tatu kwa moja. Kisha, wenzake wakiwa wanamtazama kwa macho ya kutaka kummeza, aliiweka fimbo mezani akamwendea Mwalimu Anderson, aliyekuwa amekaa pembeni na daftari lake.

"Mwalimu, zima huo muziki kwanza."

Muziki ukazimwa.

"Siku uliyoniuliza nimecheza kwa muda gani, sikukujibu. Nimecheza miaka saba Mererani, karibu kila siku. Mimi si tatu. Andika unavyojua."

Mle ndani mkalipuka kelele. Wenyeji walidai ushindi wao. Wachezaji wa Stendi walimzunguka, mmoja akamwita msaliti, mwingine akamwita jina lisiloandikika. Zebedayo alimfokea kwa Chasu, lugha ya kwao, maneno ambayo mtu humwambia adui wa ukoo. Mwalimu Anderson aligonga meza kwa kalamu, akasoma uamuzi bila kupandisha sauti: Eliwaza namba sita kuanzia leo, na ushindi wake wa mara zote mbili unafutwa, Stendi wapoteze pointi zake.

"Asante kwa kusema," Mwalimu alimwambia baadaye, kwa baridi. "Ungesema mwanzoni ningekushukuru zaidi."

Zebedayo hakumpandisha kwenye gari kurudi. Eliwaza alishuka hadi Mwanga nyuma ya bodaboda, vumbi likimjaa kinywani, kisha akatafuta gari la Same.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Madereva wa Stendi walihamishia chakula chao ng'ambo ya barabara, kwa mama mwingine ambaye makande yake, kwa maoni ya Eliwaza, yalifaa kulishwa mbuzi. Wengine walipita mbele ya banda wakiita "Namba tatu! Namba tatu!" Alijibu matusi kwa matusi, na jioni alifunga banda akiwa amechoka kuliko siku za mgodini.

Timu iliyomchukua ilikuwa ya Ngujini. Walishika mkia, namba zao ndogondogo zilifika kumi na sita kwa watu wanne, na wa tano wao alikuwa amehamia Arusha. Sita ilitosha na ikabaki moja. Hawakumpenda. Kapteni wao, mwanamke mnene mwenye duka aliyeitwa Faustina, alimwambia wazi kwa simu: "Ukitufanyia ujanja wako, nakutangaza kanisani."

"Nitangaze ukinikamata," Eliwaza alijibu.

Ratiba ikawakutanisha na Mwanga Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Rodgers alisimama upande wa pili wa meza, akafungua zipu ya mfuko wake, akatoa fimbo, akaiunga.

"Leo sita kwa sita, mama," alisema.

"Sita kwa sita. Vunja."

Walicheza kwa muda wa karibu saa tatu. Rodgers alikuwa amefanya mazoezi. Ule upuuzi wa siku ya kwanza haukuwepo tena. Alipoongoza nne kwa mbili, Eliwaza alirudisha zikawa nne kwa nne. Wakafikia tano kwa tano. Katika gemu ya mwisho Eliwaza alibakiwa na mpira mweusi, uko wazi, si mgumu. Aliinama, akalenga, akapiga. Ukagonga ukingo wa shimo ukarudi.

Pakazuka minong'ono. Mtu mmoja wa Mwanga akaanza kusema, "Amekosa makusudi..." na Rodgers akamgeukia.

"Funga mdomo. Hujui kitu."

Kisha akamalizia mipira yake miwili, akautumbukiza mweusi, akashinda. Hakumpa Eliwaza mkono, wala Eliwaza hakuunyoosha wa kwake. Mwalimu Anderson aliandika matokeo, sita kwa tano, akapiga mstari chini yake.

Faustina alikuwa amenuna wakati wakitoka. Walikuwa wamepoteza mechi nzima.

"Ule mweusi," alisema, "ulikuwaje?"

"Nilikosa," Eliwaza alisema. Alikuwa na hasira, hasira ya kufungwa tu, na akaharakisha hatua ili yule mwanamke asimwone usoni.