Avant-centre wetu na ile mupira ya fleuve

Leo tulibeba avant-centre wetu, ule wa kufunga magoli, kwenye mabega juu alikosa goli!

Bon, musicheke. Équipe yetu ya Lubunga inapoteza kila wakati. Leo tulikuwa tunaomba Mungu match nul tu, sare, juu tukipoteza tunashuka division.

Mi mwenyewe nililalamika mpaka sauti ikaisha: "Coach, mutoe huyu, iko na miguu ya mbao!"

Mwisho-mwisho, zéro-zéro, akabaki peke yake na kipa. Akapiga mupira...

mpaka kwenye maji ya fleuve. 😭

Na mupira ilikuwa moja tu! Papa mumoja muvuvi akaanza kuifwata na pirogue.

Sisi wote: "Papa, acha! Tafazali, acha iende!"

Papa akacheka, akaacha kupiga kasia. Arbitre akapiga filimbi ya mwisho.

Tumebakia kwenye division!! 😂

Bandugu ya Basoko, kule chini fleuve inaelekea, mupira inakuya kwenu. Musiirudishe.