Mtoto Niliyemwombea Mbele ya Mjomba Wake

Nakumbuka Jumamosi moja ya sala za jumuiya ya kanisa, hapa Nyakato, Musoma, nikiwa binti wa miaka ishirini. Mwanangu, siku hiyo niliharibu jambo.

Jirani yetu alikuwa analea mpwa wake, Nyangeta, wa miaka tisa. Tulianika dagaa pamoja, naye hakuvua sweta hata kwenye jua la saa saba. Siku moja mkono wa sweta ulipanda, nikaona alama za waya, mpya juu ya za zamani. Sauti ya mjomba ikisikika tu, mtoto aliacha kutafuna.

Nikajua. Lakini nani aende polisi kumshtaki jirani, tena katibu wa jumuiya? Nikachagua njia ya adabu. Zamu yangu ya maombi ilipofika nikasema tumwombee Nyangeta, anaumia. Mjomba aliitikia kama sisi sote. Kesho yake mtoto hakuonekana, tukaambiwa amekwenda kusalimia ndugu.

Nilikimbilia kwa Mama Nyamisi, nesi mstaafu wa mtaani kwetu.

"Ulimwambia nani?" aliniuliza.

"Mambo haya si tunayasemaga kwenye maombi, mama."

"Mbele ya anayempiga? Ungeomba chumbani kwako. Vaa viatu, twende."

Tulikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Siku tano sikula vizuri, nikiwaza mabaya tu. Maofisa walimkuta Manyamanyama, Bunda, amefungiwa stoo. Mkono alikuwa amevunjwa jioni ile ile ya maombi yangu. Nilipokwenda kumtazama hospitali, aliniuliza taratibu, "Dada, kumbe wewe ndiyo ulimwambia mjomba?"

Nilimwomba msamaha, mwanangu.

Basi nisikilize. Ukiona mtoto ana alama zisizoelezeka, au anaogopa kurudi nyumbani, usimwulize unayemshuku, wala usipeleke habari kwenye kikao cha ukoo. Usingoje ushahidi, kuchunguza kuna wenyewe. Nenda siku hiyo hiyo ustawi wa jamii, au polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, useme ulichokiona. Mtoto akikusimulia, mwamini, na usimwahidi kuficha. Huenda ukaitwa mmbea. Mimi nimeitwa, na bado nasalimiwa.

Mungu akubariki, akuondolee aibu ya kusema, na watoto wa mtaa wako wakue salama.