Mzungu Aliyepima Kambale

Mwaka niliorudi nyumbani na shahada yangu, serikali ilikuwa imeacha kutuajiri, badala yake ikitushauri tujiajiri. Nilishuka treni Malampaka na sanduku la vitabu, nikafika kijijini kwetu nje ya Bariadi, na kwa miezi mitatu nikajiajiri kumsomea baba magazeti ya wiki iliyopita. Kisha nikapata kibarua. Mtaalamu wa Kimarekani, aliyeletwa kukishauri chama cha ushirika namna ya kuishi katika soko huria, alitaka mkalimani. Alinipenda kwa sababu nilikuwa nauliza maswali. Nilimuuliza soko huria linampa uhuru nani hasa. Akacheka, akaliandika swali kwenye daftari lake. Jibu hakuliandika.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa ghala la pamba la kijiji. Alilizunguka na futi ya chuma, mimi nimeshika ncha moja, akaandika urefu na upana. Baada ya muda si mrefu ghala likauzwa kwa mfanyabiashara wa mjini, ambaye alitia kufuli jipya na kuanza kununua pamba kwa bei iliyompendeza yeye. Mtaalamu aliniapia kwamba hakuhusika, ripoti yake hata bahasha ilikuwa haijafunguliwa. Nilimwamini. Bado namwamini, na haijasaidia kitu.

Jumamosi alikuwa mpweke. Aliniambia kwao kuna bwawa kubwa lenye samaki wa mdomo mdogo, rangi ya shaba, hazidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, lakini akinaswa anapigana kama ndama anayefungwa kamba kwa mara ya kwanza. Watu husafiri nusu siku kumfuata. Wakimpata, humrudisha majini.

"Kwa nini?"

"Ili akamatwe tena."

Nilidhani Kiingereza kimenitoka.

Lamadi haikuwa mbali, na ziwa lote liko pale. Yeye hakulitaka ziwa, alitaka kitu kinachofanana na bwawa la kwao, na kilichokuwepo ni lambo letu, lililochimbwa na wazee kwa majembe ili ng'ombe wanywe kiangazi. Samaki walikuja wenyewe, kambale na perege wachache, na hakuna aliyewahi kukataza ndoana. Tukakaa juu ya tuta. Alirusha kipande cha chuma kinachong'aa kama kijiko cha chai, akawa anazungusha kigurudumu kuvuta mshipi, na kambale wa kwanza alipopiga, mtaalamu alipiga kelele kama mtu aliyepata barua ya ajira. Alilowesha mikono, akambeba samaki kama mtoto mchanga, akamlaza kwenye futi, futi ileile. Alitaja urefu, nikauandika. Akamwachia.

Aliachia sita. Ng'ambo ya lambo wanawake waliokuja na ndoo walikuwa wamesimama.

"Ngosha!" mmoja aliniita kwa neno letu la mwanamume. "Kama wamemshinda kula, si atupe sisi?"

Nilitafsiri. Mtaalamu akawapungia mkono kwa furaha, akamrudisha wa saba.

Tulikwenda Jumamosi tatu. Jumatatu iliyofuata baba alipofikisha ng'ombe lamboni, alikuta sungusungu wawili, walinzi wa kijiji, na marungu yao. Ng'ombe wa jirani walipita. Wetu wakazuiwa. "Mpaka mwanao aje aeleze," baba aliambiwa, akawarudisha.

Mto ulikuwa umekauka. Maji mengine yalikuwa kwenye shimo la mchangani, unasubiri ndoo moja mpaka miguu ife ganzi. Baba alinikuta nasoma.

"Wewe unauliza kila kitu," alisema. "Huyo hukumuuliza kwa nini anapima?"

Sikuwa nimemuuliza.

Kesho yake alasiri kijiji kilikaa juu ya tuta. Ng'ombe wetu walisimama mteremkoni, wameyaona maji, wanalia. Mkuu wa sungusungu, ambaye siku za kawaida alitutengenezea baiskeli, alinisimamisha.

"Msomi. Huyu alipima ghala?"

"Alipima."

"Leo ghala ni la nani?"

"La yule wa mjini."

"Sasa anapima samaki. Hali, hauzi, anapima tu na kuandika. Muulize, lambo anamnunulia nani?"

Nilitafsiri. Mtaalamu, mwekundu kwa jua, alieleza kwa bidii. Nikawageukia watu.

"Anasema ni mchezo."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka wote kwa pamoja.

"Anacheza na kitoweo?" aliuliza bibi mmoja. "Na lile ghala nalo lilikuwa mchezo?"

"Lile lilikuwa utafiti," nilisema. Usahihi wa chuo kikuu haukunisaidia. Nikaanza kuwaeleza kwamba kisheria lambo la kijiji haliwezi kuuzwa hivi hivi. Mtu wa nyuma akauliza kwa upole kama ghala halikuwa na sheria. Nikakaa chini.

Mkuu alinong'ona na wenzake, akatoa hukumu. "Avue mmoja hapa, apikiwe, ale tukimwona. Akila, alikuja kuvua. Asipokula, alikuja kununua, na ng'ombe wa mzee huyu watafute maji kwa Wamarekani."

Nilitafsiri. Mtaalamu aliniinamia sikioni: yeye hali samaki. Tangu utotoni. Harufu tu inamtapisha.

"Anasema nini?" mkuu aliuliza.

"Anasema ana njaa."

Alirusha kijiko chake zaidi ya saa nzima bila kupata kitu. Kambale waliomgombania Jumamosi zote sasa hawakumtambua. Watu walimpa ushauri wa bure, ateme mate kwenye chuma, aache kunukia sabuni. Baba alikuwa anamtazama ndama mmoja aliyekuwa amelala chini na haamki. Kisha mshipi ukakaza, na nikajikuta napiga kelele kuliko mtaalamu.

Walimchemsha kambale huyo kwa chumvi, wakaleta na ugali wa mtama. Mtaalamu alikula huku jasho na machozi vikimtoka, na watu wakamsifu kwa kuona utamu unavyomliza. Kwa heshima wakamwekea kichwa.

"Na hiki?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Na hicho. Ng'ombe wa baba wanakuangalia."

Alikila. Mkuu akachukua daftari, akachana kurasa za vipimo, akazitia motoni chini ya sufuria, kisha akainua mkono. Ng'ombe waliteremka kwa kishindo, yule ndama akiwa wa mwisho, akisukumwa na baba kwa goti.

Nilishuka kumsaidia. Tukasimama kwenye tope tukisikiliza wanavyomeza.

"Sasa tuko wawili tu, niambie," alisema bila kunitazama. "Hili lambo watauza, hawatauza?"

Nilitafuta jibu katika yote niliyosoma.

"Sijui, baba."

Alitikisa kichwa. Ng'ombe wa mbele walikuwa wameshashiba, wameanza kupanda tuta. Akaokota fimbo yake.

"Basi warudishe," alisema. "Wanywe tena."