Jina Lililogawiwa Pamoja na Koti la Marehemu

Félicité wa Nyamianda hakuwa mwanamke wa kubembelezwa. Mdomo wake mkali, mkono wake mwepesi, na aliyetaka kumjaribu alirudi kwake na alama. Kazi yake ilikuwa kutengenezea watu kurasa za mtandao: wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wafugaji wa Rurambo, wanawake wa mchele wa Kiringye.

Alikuwa na mtindo wake, na ulikuwa mtindo wa wazee hata kama hakuna mzee aliyewahi kufungua ukurasa wa mtandao. Ukifika uwanjani kwa watu unaulizwa, weye ni wa kwa nani? Unataja kwenu. Kwenu wakiulizwa wakikubali, unapewa kiti. Kurasa za Félicité ziliingiwa hivyo hivyo. Hapakuwa na ofisi moja iliyoshika funguo za watu wote. Mtu alitaja anwani yake mwenyewe ya mtandao, ukurasa ukaenda kugonga kwenye anwani ile na kuuliza, huyu ni wako? Ikijibu ndiyo, mlango unafunguka. Naye Félicité, akitaka kurekebisha kitu kwa mteja, aliingia kwa anwani yake.

Sasa anwani hiyo ilinunuliwa na mume wake, Cyprien, kwa jina lake mwenyewe mume na namba yake ya simu, kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho, karte ya uchaguzi, mfukoni. Nani angefikiri? Watu wakipendana hawaulizani kitu kimeandikwa kwa nani.

Kisha risasi ya mtu asiyejulikana ikamkuta Cyprien njiani, ikaingia shingoni, akafa akiwa bado ameshika kamba ya mbuzi aliyemnunua.

Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulikaa kugawa vitu vyake. Félicité aliwajua. Mashini yake ya kazi, kompyuta ndogo, alikuwa ameizika ndani ya gunia la makopa ya muhogo, akakaa juu ya gunia mikono kifuani, akiwatazama wanavyonyang'anyana. Koti lilikwenda kwa mjomba, baiskeli kwa binamu. Simu ikapewa Térence, mdogo wa marehemu. Félicité aliiacha iende. Simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, ya nini kugombana?

Haukupita muda, Térence akaja na kiti chake mwenyewe, akakaa uani.

"Shemeji, unajua desturi. Minye sasa niko bwana yako."

"Weye? Hata kiti umebeba kutoka kwa mama yako."

"Nyumba ya ndugu yangu, bibi wa ndugu yangu."

"Minye siko koti, Térence."

Akanyoosha mkono kumshika kiunoni. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka. Félicité alinyanyua sufuria akamwagia yote kifuani. Térence alikimbia ngozi ikimbambuka, na kiti akakiacha.

Mtu aliyeungua hasahau. Térence alipata mjuzi mmoja wa mashini, wakaomba njia ya kuingia kwenye anwani ile, na ruhusa ikatumwa wapi? Kwenye simu ya marehemu. Tangu hapo, mbele ya kurasa zote, Térence alikuwa Félicité. Wakaingia kwenye ukurasa wa wanawake wa Kiringye, wakapanda mistari michache ya amri. Kila mnunuzi alipofungua ukurasa ule, kivinjari chake kilitii amri: kilifuta namba ya wanawake mbele ya macho yake na kuweka nyingine. Wanunuzi wakapiga, wakalipa, mchele hawakuuona. Wanawake nao wakakaa na mchele wao ukiliwa na panya.

Walikuja Nyamianda mchana kweupe, Olive mbele. Olive ndiye mkubwa wa chama chao, mwanamke wa mabega. Hakupiga hodi. Jiwe la kwanza lilivunja dirisha, la pili likamkuta Félicité kinywani alipotoka kuuliza. Akatema meno mawili. Kabla hajainuka, mpini wa jembe ulimtua mgongoni.

"Mwizi. Tulikulisha kwetu."

"Sijaiba."

"Mlango umeandika aliyeingia. Umeandika jina lako."

"Nipe simu nione. Ukishaona naongopa, nimalize."

Olive alimkanyaga mkono, kisha akampa simu. Félicité alisoma amri zilizofichwa nyuma ya ukurasa kwa jicho moja, jingine limefumbwa na maumivu, damu ikidondoka juu ya kioo. Amri haikuwa mwandiko wake. Lakini namba iliyowekwa aliijua kuliko yake mwenyewe.

"Hii ni ya Cyprien."

"Cyprien wako tulimzika."

"Basi ipige."

Olive akapiga. Sauti ya mwanaume ikaitika, tamu kama ya mhubiri: "Allô, mama. Mchele iko, tena wa kutosha."

Olive aliitambua sauti. Ilikuwa ya Térence; aliisikia matangani.

Walipanda mlimani kwake wote pamoja, Olive amemshika Félicité fundo la kitenge asitoroke. Térence alikuwa anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kifua wazi, makovu yakimeremeta. Alipowaona alichukua panga. Félicité hakusimama. Aliiendea simu iliyokuwa mezani, akaweka kiganja juu yake, na panga likashuka. Vidole viwili vilibaki mezani, simu ikabaki kwake. Wanawake wakamvamia Térence kwa mipini, na walipomwacha, mguu wake ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

Félicité, mkono umefungwa kitenge, alifuta amri zile palepale kwa mkono uliobaki. Kisha akaifunga anwani ya Cyprien kabisa, isimshuhudie mtu tena. Akajinunulia nyingine kwa karte yake mwenyewe.

Lakini anwani mpya haijulikani na mtu. Na kwa mtindo aliouchagua mwenyewe, hakuna mkubwa wa kwenda kumlilia akurudishie jina. Ni kila mwenye mlango akubali mwenyewe. Ikabidi aende kwa miguu, mlango kwa mlango, uso umevimba, kuomba ajulikane upya. Wengine walimfungulia. Wengine walimwambia apite siku nyingine.

Kiringye alikwenda mwisho. Olive alikuwa anapepeta mchele. Alichukua simu yake, ukurasa ukamuuliza kama anamkubali huyu mgeni. Akauangalia ule mkono uliokosa vidole.

"Umeandikisha kwa jina la nani sasa?"

"Langu."

"Na ukiolewa?"

"Atakuja na anwani yake."

Olive akabonyeza.

"Ingia. Lakini meno usiniulize."