Mtu wa Mwisho Kwenye Mstari

Baba yangu alistaafu jeshi akiwa sajini, akarudi kwetu Kalama na pensheni, koti la mvua la kijani, na mazoea ambayo mama yangu aliyavumilia sijui kwa neema gani. Alitandika kitanda mpaka shuka likakaza kama ubao. Hakukubali kuketi mgongo wake ukielekea mlango. Kanisani alichagua benchi la nyuma kabisa, na padri akadhani ni unyenyekevu.

Ukambani jeshi ni kazi ya heshima. Wanaume wa kwetu wamevaa magwanda tangu enzi za Mwingereza, na karibu kila boma lina picha ya kijana aliyesimama wima na kofia imemkaa vizuri. Kwa hiyo, mtu akisemwa kwamba aliogopa vitani, hiyo si aibu ndogo. Hurithiwa hata na wajukuu.

Aibu ya namna hiyo ilikuwa imemwangukia jirani yetu wa chini ya kilima. Alikuwa mjane. Mume wake alihudumu chini ya baba, kwenye seksheni moja, yaani kikosi kidogo, kule kaskazini walikokuwa wakiwasaka majambazi wa mifugo wenye bunduki. Aliuawa huko mimi nikiwa bado natambaa. Maiti yake ililetwa na lori la jeshi, wazee waliomwosha wakaona tundu la risasi mgongoni, na kabla udongo wa kaburi haujakauka kijiji kilikuwa kimeshahukumu. Alipigwa akikimbia. Hakuna aliyethubutu kumwambia mjane usoni. Waliisema chini chini, mwaka baada ya mwaka, na aliyeisema kwa uchungu kuliko wote ni mama mzazi wa marehemu, bibi kizee ambaye sote tulimwita Susu, yaani nyanya.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, mwana wa kiume wa mjane akapata mtoto wake wa kwanza, mvulana. Kwetu hapo hakuna mjadala: mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba. Jina likirudi hivyo, tunahesabu kwamba mtu mwenyewe amerudi nyumbani. Lakini Susu, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, alikataa.

"Hilo jina lilikufa likikimbia," alisema. "Msimbebeshe mtoto."

Mjane alikuja kumweleza mama yangu jikoni kwetu. Hakulia. Alisema tu kwamba mtoto huyu asipopewa jina la mume wake, basi mume wake amezikwa mara ya pili, na safari hii na mama yake mwenyewe. Kisha akamaliza chai yake na kuosha kikombe. Kile kikombe ndicho kilichoniudhi. Mtu akionewa hivyo anafaa kuvunja kitu, si kuosha.

Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo halifichiki. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati huo na nilishazoea kuuliza mpaka nijibiwe. Nikatoka nje, nikamkuta baba akichonga mpini wa jembe.

"Baba, wewe ulikuwepo. Huyu mtu alikimbia ama hakukimbia?"

"Hakukimbia."

"Sasa mbona hujawahi kusema?"

"Hakuna mtu aliniuliza."

"Miaka yote hii uko na jibu, na unangoja swali?"

Alipuliza vumbi la mti kwenye mpini, akautazama kama ndio uliomsema vibaya. "Nikianza kusema hiyo maneno," alisema, "itabidi nifike mpaka mwisho wake."

Sikumwelewa. Nilirudi ndani nikiwa nimefura, nikamwambia mama kwamba mume wake ana kichwa kigumu. Mama akajibu kwamba hilo alilijua kabla sijazaliwa.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mwethya kwa yule mjane. Mwethya ni kikundi chetu cha kulimiana. Leo wote mnashuka kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kazi kubwa ni kuchimba mitaro na kuinua matuta ili mvua isichukue udongo wote mpaka mtoni. Wengi wetu tulikuwa wanawake. Wanaume waliostaafu walituonea huruma kutoka mbali, wakiwa wameketi. Ndiyo maana baba alipotokea asubuhi ile amevaa buti zake za jeshi, kazi ilisimama na vicheko vikaanza.

"Sajini, leo kuna kuandikisha makuruta?" akauliza mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kufukuza nyani. "Mimi nitapita? Meno iko yote."

Baba hakucheka. Alipanda moja kwa moja hadi tuta la juu, ambako Susu alikuwa ameketi kwenye kigoda akisimamia kazi ambayo hakuna aliyemwomba aisimamie. Akavua kofia.

"Mwaitu," alisema, na hilo ndilo neno letu la kumheshimu mama, "naomba kukuonyesha vile mtoto wako alikufa. Ukishaona, useme unavyotaka."

Susu akainamisha kichwa kukubali. Vicheko viliisha hapo.

Baba akatupanga kwenye tuta la chini, mmoja nyuma ya mwingine, tukiwa tumeachana hatua kadhaa. Majembe yakawa bunduki. Mwenyekiti, kwa sababu ya mwili wake, alipewa mtaimbo na kuambiwa hiyo ndiyo bombomu, bunduki inayomwaga risasi mfululizo, na kwamba akae karibu na kiongozi. Hata yeye hakutania. Mimi niliwekwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho kabisa, nyuma yangu, baba alimweka mjane.

"Hivi ndivyo tulikuwa tunatembea," alisema, "ndani ya mto umekauka, kingo ziko juu huku na huku. Kila mtu ako na upande wake wa kuangalia. Wa kwanza, mbele. Anayemfuata, kulia. Mwingine, kushoto. Na wewe, mama," akamgeukia mjane, "macho yako ni ya nyuma. Unatembea na sisi lakini unaangalia kule tumetoka. Adui akijua kazi yake anakushikilia kwa mbele, halafu anazunguka aje kwa mgongo wako. Kwa hivyo hata ukisikia nini huku mbele, wewe hugeuki. Ukigeuka, sisi wote tumekwisha."

Mjane akatugeuzia mgongo. Akaelekeza jembe lake kwenye njia ya kuteremkia mtoni.

"Wakatupiga kutoka kwa mawe ya mbele," baba aliendelea. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza namna ya kufunga ng'ombe. "Laleni." Tukalala, na sketi yangu ya kazini ikapata tope ambalo halikutoka tena. "Bombomu inajibu. Tukikaa hapa tunamalizwa, lazima tupande hii kingo tutoke. Nusu wanapiga kuwalinda wenzao, nusu wanapanda, halafu wanabadilishana. Nikatoa amri ya kuondoka. Na kwa kelele hiyo hakuna mtu anasikia mwenzake mbali, kwa hivyo amri inapita mtu kwa mtu. Unamgusa wa nyuma yako, unampigia kelele kwa sikio." Akawanyooshea kidole mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakainuka kupanda tuta la pili, mpaka akanifikia mimi. "Huyu alikuwa amepigwa shingo. Alikuwa ameshakufa. Amri ikaishia hapo."

Nikabaki nimelala kwenye tope. Wenzangu wote walikuwa juu pamoja na baba. Nyuma yangu mjane alikuwa peke yake, ametugeuzia mgongo, akiangalia njia ambayo haikuwa na mtu.

"Tulipofika salama ndiyo nikaona hayuko," baba alisema. "Tukarudi. Tulimkuta pale pale nilimwacha, amelalia bunduki yake, imeelekea nyuma. Risasi ya mbele ilimpata kwa mgongo kwa sababu mgongo wake mimi ndiye niliuweka upande huo. Nilimweka mwisho kwa sababu nilijua yeye hageuki. Ni mimi, mwaitu. Si woga wake."

Susu alikuwa ameinuka, ameegemea fimbo. "Na hao wa kuzunguka, walikuja?"

"Walikuja. Nyayo zao zilikuwa kwa mchanga, zimefika karibu, zimerudi. Maganda ya risasi zake yalikuwa yamejaa hapo chini ya mkono. Mimi nimezeeka kwa sababu yake."

Bibi kizee akajifunika uso kwa leso. Alilia kwa sauti, kilio cha siku ya mazishi ambacho alikuwa hajakilia, na katikati yake tukamsikia akisema kwamba amemtukana mtoto wake, na kwamba kitukuu wake apewe jina la babu yake leo hii, watu waende wakamlete. Wanawake wakamshika. Mimi nikainuka kutoka topeni nikiwa nalia pia, wala sikujali nani ananiona.

Mjane hakuwa amesogea. Jembe lilikuwa bado limeelekea njiani.

"Mama, imekwisha," baba alimwambia kutoka juu. "Njoo."

"Yeye alingoja umwambie," alijibu bila kugeuka. "Hata mimi nangoja. Sema vile ulisema hiyo siku."

Nilimwona baba akinyoosha mabega, mzee wangu mwenye mgongo mbovu, kisha akapiga amri iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto.

"Wa nyuma! Ondoka! Tumekulinda, njoo!"

Mjane akaweka jembe begani, akageuka, akaanza kupanda. Baba hakungoja afike. Alishuka matuta mbio kwenda kumchukua.