Aliyenishikia Bodi ya Kinanda

Cheka ukitaka. Mimi mwenyewe ni mtu wa kucheka. Lakini hili lilinipata mimi, si rafiki ya rafiki yangu, tena mchana, hapa Korogwe, ndani ya kibanda changu cha kutengenezea redio.

Mama yangu alikuwa mwimbaji wa bendi ya shamba la mkonge, Ngombezi. Kiharusi kilipompiga, sauti ikakatika. Akawa anatutazama tu, machozi yanamtiririka, chakula hataki. Nikaomba kinanda cha ile bendi, cha umeme, cha zamani, kilichokuwa kinaoza stoo. Nilijiambia: akisikia mlio wake, ataimba.

"Mhandisi wa makopo," dada Mwanaidi akanitania, "hicho hata panya wamekihama!"

Kweli, bodi zake, vile vibao vya saketi vya ndani, zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Nikazisugua kwa spiriti na mswaki, nikabadilisha kapasita zilizovimba, nikachomea upya risasi ya kuungia nyaya kila palipolegea. Kimya. Nikafumua, nikarudia. Kimya. Mama naye akaacha hata uji. Umewahi kulia huku umeshika bisibisi?

Siku hiyo mvua inanyesha, umeme umekatika, napasha chuma cha kuchomea kwenye jiko la mkaa. Akaingia mzee mmoja mwenye suti ya bluu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete hiyo bodi nikushikie, mikono miwili haitoshi."

Niamini: risasi ya moto ilidondokea ukucha wake, wala hakushtuka. Akanionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye njia ya shaba ya ile bodi.

"Zaina amekwama hapa," akasema.

Zaina ni mama. Sikuwa nimemtaja.

Wewe ungekimbia, mama yako akiwa anakufa? Mimi niliuziba ule ufa.

Sasa, kwetu mafundi, mtu akikushikia kazi haondoki mikono mitupu, utampa hata soda. Sikuwa na kitu. Nikasema kwa adabu, "Mzee wangu, chukua chochote unachokipenda."

"Chochote?"

"Chochote, mzee."

Akatabasamu, akatoka nje, akaingia mvuani.

Umeme uliporudi, nikakipakia kinanda kwenye bajaji hadi nyumbani. Nikabonyeza. Kikalia! Mama akajiinua kitandani, mdomo ukafunguka. Mwanaidi akapiga vigelegele, majirani wakajaa mlangoni.

"Anaimba! Mdogo wangu, mama anaimba!"

Nilisikia kinanda. Nilisikia vigelegele, na mvua juu ya bati. Sauti ya mama sikuisikia.

Hadi leo. Anakula, anatembea, anagombana na wauza nyanya. Akiniita, Mwanaidi hunigusa bega. Hospitali wamenipima masikio, wanasema ni mazima. Nafurahi yu hai, wallahi nafurahi. Ila jioni akiimba, wote wakitulia, mimi huitazama midomo yake nikajifunza maneno.

Ndugu yangu, usiyemjua akikusaidia, taja wewe mwenyewe cha kumpa, hata kama ni chumvi ya kidole. Usimwachie achague.